Riwaya yangu inatoka Februari, na siri ya mama mkwe imo ndani

BARUA

Shikamoo Bibi,

Naomba jina langu lisitajwe. Ni mama wa watoto wawili, naishi Kimara hapa Dar es Salaam. Kwetu ni Lushoto, nimeolewa Marangu. Kazi yangu ni kuandika simulizi za mapenzi. Kwa miaka sasa nazituma kwenye magrupu ya WhatsApp kwa jina la kubuni: sehemu za mwanzo bure, zinazofuata mtu analipia kwa simu. Nilianza pale ofisi niliyokuwa nafanyia kazi ilipopunguza watu, nikadhani ni ya kusogezea siku tu. Leo ada ya mtoto wa pili inatoka humo, umeme unatoka humo, na kuna miezi hata kodi ya nyumba imetoka humo.

Naamka saa kumi alfajiri, naandika kwenye meza ya kulia chakula mpaka watoto waamke. Usiku naosha vyombo huku simu inalia: "Dada, usituache hapo, kesho tuma mbili." Mume wangu anajua ninachofanya, ila hajawahi kusoma hata ukurasa mmoja. Yeye ni wakala wa forodha, siku nzima yuko bandarini na makaratasi ya makontena. Akirudi ni chakula, taarifa ya habari, kulala. Si mtu mbaya, Bibi. Hajawahi kunipandishia sauti wala kuchelewesha pesa ya matumizi. Lakini wasomaji wanaponiandikia "shemeji yetu anafaidi", nasoma, halafu naiweka simu kifudifudi. Siku moja nilimuuliza kwa nini hasomi. Akasema, "Kwenye hadithi zako wanaume wanaongea sana," akacheka. Mimi sikucheka.

Sasa nimepata mchapishaji aliyekubali kuchapa riwaya yangu ya kwanza kwenye karatasi. Uzinduzi ni Februari, wiki ya Siku ya Wapendanao. Prufu, zile nakala za kusahihisha kabla ya kuchapa, nimeshaletewa, anazitaka zimesahihishwa kabla ya tarehe 6 Januari ili faili liende kiwandani. Anataka pia picha yangu nyuma ya jalada, na jina langu halisi. Anasema anayenunua kitabu anataka kumjua aliyekiandika, na watangazaji hawawezi kumhoji mtu asiye na sura.

Na hii ndiyo Desemba. Unawajua Wachaga, Krismasi ni nyumbani. Mume wangu ni kitinda mimba, kwa hiyo nyumba ya wazazi ni yetu, kihamba, lile shamba la ukoo, ni chetu, na wageni wote ni wetu. Kuanzia tarehe 20 mpaka tarehe 2 mimi ni mtu wa jikoni: kumenya ndizi za mtori na machalari, kupokea mashemeji na mawifi kutoka Arusha, Mwanza na Nairobi, kutandika vitanda, ibada, kikao cha ukoo, ubatizo wa mtoto wa huyu, harusi ya mtoto wa yule. Nilimwomba mume wangu nibaki Dar mpaka tarehe 24 nimalize prufu. Akauliza tu, "Nyumbani nitawaambia nini?"

Anauliza hivyo kwa sababu Marangu wanajua nauza vitenge mtandaoni. Baba mkwe ni mzee wa kanisa, mama mkwe aliongoza wanawake wa usharika miaka mingi. Tangu mwanzo mimi na mume wangu tuliona vitenge ni rahisi kuvieleza. Mtu mzima ukimtajia simulizi za WhatsApp anawaza chombezo, zile hadithi za mambo ya chumbani. Mimi siandiki chombezo. Wapenzi wangu wakifunga mlango, sura inaishia hapo.

Halafu Septemba niliona malipo yameingia kwa jina la wifi yangu mkubwa, kwenye namba yangu hii hii ya kila siku. Tangu hapo analipa kila mwezi. Hajui kama mwandishi ni mimi. Nikiiwaza ile picha nyuma ya jalada, mwili unaniisha nguvu.

Lakini hayo yote nayaweza. Lililonifanya niandike ni hili. Mwaka juzi, usiku wa kuamkia Krismasi, nilibaki jikoni na mama mkwe peke yetu tukiangalia nyama isiungue, wengine wamelala. Akaanza kunisimulia bila kuulizwa. Alipokuwa msichana alipendana na karani wa chama cha ushirika, kijana aliyekuwa akipima kahawa. Kila alipopeleka kahawa ya nyumbani, kijana aliandika neno la salamu nyuma ya risiti. Baba yake aliangalia kilo, yeye aligeuza nyuma. Serikali ilipovunja vyama vya ushirika mwaka 1976, karani akaondoka kutafuta kazi kwingine, barua zikawa za mbali mbali, mwisho zikakoma. Mwaka uliofuata akaolewa na baba mkwe wangu. Risiti moja bado anayo. Akaniambia, "Hili hata wanangu sijawaambia." Kisha akanituma kuni.

Bibi, hiyo ndiyo sura ya kumi na moja ya kitabu changu. Nimebadilisha majina, nimeihamishia Upareni, na aliyependa nimemfanya shangazi. Lakini risiti ipo, na salamu nyuma yake ipo. Mhariri anasema hakuna sura nzuri kama hiyo katika kitabu kizima. Mchapishaji anataka kipande chake ndicho kitumike kutangaza kitabu msimu huu wa sikukuu.

Nimwambie mume wangu kwanza? Nikimwambia, si ndiyo nimeshaitoa siri ya mama yake? Nimwambie mama mkwe, katikati ya Krismasi, nyumba imejaa watu? Ning'ang'anie jina la kubuni ninyamaze? Niifute sura?

Na jambo dogo la mwisho: wasomaji wangu wa WhatsApp wanataka simulizi inayoendelea isikatike kipindi cha sikukuu. Wamelipia. Niwaambie nini?

Mama wa Wawili, Kimara

MAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Kwanza niwatoe wasiwasi wewe na wasomaji wengine. Kile kitu alichobaki nacho mama mkwe tumekibadilisha, wewe na mimi, kabla barua haijachapwa, pamoja na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha. Wa Marangu asianze kumtafuta mwenye risiti ya kahawa.

Sasa tukae. Umeyafunga mambo matatu kama mzigo mmoja wa kuni, ndiyo maana hauinuki: muda wa kusahihisha prufu, jina lako kujulikana, na sura ya kumi na moja. Nikiyatazama naona kila moja lina mwenyewe. La muda ni la wewe na mume wako. La jina ni lako kuliko la mtu mwingine yeyote. La sura ni la mama mkwe. Ukitaka dawa moja ya yote matatu hutaipata, na utaifikia Januari umechoka.

Niliondoe la muda, kwa sababu naliona jepesi kuliko unavyoliona. Unasema ama Marangu tarehe 20 ama Dar mpaka tarehe 24. Kwa nini ziwe hizo mbili tu? Shule zinafungwa mapema Desemba. Kuna wanaopanda na watoto kabla ya wengine, wakati tiketi za Moshi bado zinapatikana pale Mbezi bila kusukumana, na nyumba ya mlimani bado ina wazee wawili tu. Prufu za karatasi hazidai umeme wala intaneti, zinadai kalamu na meza. Ukifika siku hizo utapata asubuhi ambazo hutazipata tena tarehe 23. Hatari yake unaiona: mtu aliyefika mapema hupewa kazi mapema, na makaratasi yaliyo mezani huulizwa ni ya nini. Kwa hiyo njia hiyo inakwenda sambamba na kusema ukweli wa kazi yako. Huwezi kusahihisha riwaya mbele ya mama mkwe huku unauza vitenge.

Njia nyingine ni kubaki Dar kama ulivyoomba, na mume wako atangulie na watoto. Si mwiko. Lakini nyumba ya kitinda mimba ikifunguliwa bila mke wake, watu watauliza, na atakayejibu ni yeye. Swali lake, "Nyumbani nitawaambia nini?", wewe umelisikia kama kukukatalia. Nakuomba ulisikie tena. Huenda anakuuliza kweli. Hana la kusema, kwa sababu mlikubaliana la vitenge na hamjapanga la pili. Na kama kikwazo ni jiko, jiko lina ufumbuzi wake: binti wa kusaidia kwa wiki mbili, analipwa, na kwa jinsi ulivyoeleza mapato yako hilo si mlima. Hata mume wako anaweza kuwagawia ndugu zake zamu. Nyumba ni yake pia.

Tuje kwenye jina. Hapa nataka nikuulize jambo moja. Unasema wifi yako hajui. Umesema pia analipia kwenye namba yako ya kila siku. Mwanangu, ukituma pesa kwa simu, ujumbe wa muamala unakurudishia jina la aliyepokea. Wewe uliliona jina lake Septemba. Yeye je, aliona jina la nani? Labda hakusoma, watu wengi hufuta zile meseji bila kuzitazama. Labda alisoma siku ile ile, akanyamaza, na akaendelea kulipa kila mwezi. Sijui lipi ni kweli. Ila umekuwa ukiishi kwa hofu ya siku wifi atakapojua, na inawezekana siku hiyo ilishapita na hakuna kilichoanguka. Ningekuwa karibu nawe ningekuambia umpigie simu kabla ya safari, mzungumze ya Krismasi, umsikilize anavyokuita na anavyoulizia "biashara". Watu wa aina hii mara nyingi wanasubiri kufunguliwa mlango. Na ikiwa anajua, una mwenzako ndani ya nyumba ile. Ikiwa hajui, angalau hutakuwa umepoteza kitu kwa kumsalimia.

Kuhusu picha na jina halisi, rudi kwenye mkataba wako kabla ya kurudi kwa hofu yako. Soma kinasemaje juu ya jina litakalokaa kwenye jalada, picha, na matangazo. Anachokitaka mchapishaji na alichokubaliana nawe kwa maandishi vinaweza kuwa vitu viwili. Kisheria hakuna tatizo kutoa kitabu kwa jina la kubuni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua kazi za aina hiyo, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki hapa Tanzania, wanaweza kukueleza namna ya kusajili kazi yako ili haki ibaki kwako ingawa jalada lina jina lingine. Hasara yake ni ya kibiashara, na mchapishaji hakudanganyi: mwandishi asiyeonekana anauza kwa shida, hawezi kukaa mezani siku ya uzinduzi akasaini nakala. Na kuna hasara nyingine isiyohusu pesa. Utakaa nyumbani Kimara, kitabu chako kinazinduliwa mjini, na wewe unatuma pongezi kwa jina lako mwenyewe. Utaweza? Wapo wanaoweza na wana amani. Barua yako hainionyeshi mtu wa namna hiyo, lakini wewe unajijua.

Umeandika habari ya uzee wa kanisa na uongozi wa usharika kana kwamba hapo hukumu imeshatoka. Sikulaumu. Hata hivyo, kuandika mapenzi ya mke na mume hakujaanza na WhatsApp, wala hakujawahi kuwa kazi ya wasio na heshima. Shaaban Robert, wa mkoa wenu wa Tanga, alimlilia mkewe Amina kwa shairi, akaliweka kitabuni watu wote walisome, na heshima yake haikupungua chembe. Najua maombolezo si sawa na simulizi ya uchumba, na najua mwanamke hapimwi kwa kipimo cha mwanamume. Ninachosema ni kwamba wazee hao wamekua wakisikia mapenzi yakitajwa kwenye mashairi, kwenye harusi, hata kwenye mahubiri. Wanachokiogopa ni matusi. Kama kitabu chako hakina matusi, kuna maneno ya kuwaambia, na mwenye kuyasema vizuri zaidi ni mtoto wao.

Ndipo tunafika kwa mume wako. Umemweka kwenye barua kwa mistari michache, na kila mstari unauma. Hasomi. Hasemi. Alicheka. Lakini umesema pia tangu mwanzo alibeba nawe neno la vitenge mbele ya wazazi wake, na mtu wa Marangu kusimama mbele ya baba yake akasema jambo lisilo kweli kwa ajili ya mkewe si kitu kidogo. Sikupi sifa ya uongo huo. Nataka tu uone kwamba alikuwa upande wako alipoubeba.

"Kwenye hadithi zako wanaume wanaongea sana." Ulichukulia anakudharau. Mimi nimeisoma nikamwona mtu asiyejua kusema maneno matamu, ambaye mkewe anasifiwa na watu wengi kwa maneno matamu anayowatungia wanaume wasiokuwepo. Mtu kama huyo anafungua ukurasa wa kwanza kutafuta nini? Huenda anaogopa kujikuta humo. Huenda anaogopa kutojikuta. Au huenda kweli hapendi kusoma, na mwisho wa habari. Sina njia ya kujua nikiwa huku, na wewe pia hujui mpaka umuulize tena, safari hii bila kusubiri ajibu kwa mzaha. Mwombe kitu kidogo chenye kazi ndani yake. Mwambie akusaidie sura ya mambo ya bandari au ya mlimani, aangalie kama umeyaweka sawa. Wanaume wengi wasiosoma mapenzi watasahihisha jina la mto.

Lakini usimpe sura ya kumi na moja. Hapo umeona mwenyewe, na umeona vizuri: ukimwambia yeye kwanza umeshaitoa siri. Habari za prufu, picha, uzinduzi, jina lako, hizo ni za kwenu wawili, zungumzeni hata leo. Habari ya karani si ya kwenu. Atakapokuuliza kwa nini una mashaka na kitabu, unaweza kumwambia ukweli usiovunja kitu: kuna jambo humo umelisikia kwa mtu, na lazima umwone mtu huyo kwanza. Anaweza kukasirika kwamba unamficha. Hiyo ni gharama, na sioni namna ya kuikwepa kabisa.

Sasa mama mkwe.

Nimejiuliza alikuwa anafanya nini usiku ule. Mtu anayekaa na jambo tangu 1976, asiwaambie watoto aliowazaa, kisha analiweka mikononi mwa mke wa kitinda mimba wake, hajaropoka. Amekuchagua. Kwa nini wewe? Labda kwa sababu ulikuja kutoka mbali, hukuhusika na majina ya pale. Labda alikuona una majonzi na akataka kukuambia kwamba naye alikuwa msichana. Inawezekana hata, na hili nalisema kwa tahadhari, kwamba habari za simulizi zako zilishamfikia, kwa wifi au kwa mtu mwingine, na alitaka mtu anayejua kuyatunza maneno ayatunze ya kwake. Au hakujua lolote, na alidhani anazungumza na muuza vitenge. Kati ya hayo, mawili ya mwisho yako mbali sana moja na lingine, na kitabu chako kinategemea lipi ni kweli. Huwezi kulipata kwa kukisia.

Unajitetea kwamba umebadilisha majina na mahali. Ni kweli umefanya kazi ya mwandishi. Tangu KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ianzishwe mwaka 1933, wasichana wangapi wa mlimani wamebeba kahawa ya baba zao kwenye chama cha msingi, na wangapi kati yao walitazamwa na karani? Kuvunjwa kwa ushirika kulitawanya watu wengi waliokuwa na mshahara, na bila shaka kuna wachumba waliotawanywa nao. Hayo hayana mwenyewe. Unaweza kuyaandika kesho na keshokutwa. Cha mama mkwe ni kile kimoja tu, maandishi nyuma ya risiti. Ndicho atakachokitambua akikisoma, na ndicho baba mkwe, aliye hai na anayelala chumba kimoja naye, anaweza kukitambua ikiwa aliwahi kukiona kwenye sanduku. Hilo la baba mkwe hujaliandika kwenye barua. Nakuomba ulifikirie.

Basi ukiiondoa risiti? Ukaweka kitu cha kwako mwenyewe, kitu ulichowahi kupewa wewe Lushoto na kukificha? Kwenye hatua ya prufu kubadilisha mistari michache kunawezekana. Kubadilisha sura nzima kunasogeza kurasa, na mchapishaji anaweza kukudai gharama za kupanga upya, kwa hiyo muulize mapema. Sura inaweza kupungua ladha. Inaweza pia kuongezeka, sitaki kukutisha. Wewe ndiye unayejua kama ulichokipenda pale ni risiti yenyewe au ni yule mwanamke kuikunja na kuitunza. Ila hata ukiiondoa, wewe utajua sura ilitoka wapi, na siku mama mkwe atakapoisoma anaweza kujua pia. Njia hii inamlinda mbele ya watu. Haikupi nafasi ya kuambiwa na yeye mwenyewe anachotaka.

Njia ya kumwambia ni ndefu zaidi, na ina sharti moja ambalo ukilikosa ni afadhali usiende. Ukimwomba mtu ruhusa, jibu la hapana lazima liwe na mahali pa kukaa. Usiende kwake faili likiwa limeshafika kiwandani. Usiende wakati kipande cha sura hiyo kimeshatangazwa na mchapishaji. Kwa maana hiyo, jambo la kwanza la kushughulikia pengine si mama mkwe wala mume. Ni kumwandikia mchapishaji leo asitoe kipande chochote cha sura ya kumi na moja mpaka umwambie. Huna haja ya kumpa sababu. Achague sura nyingine ya kutangazia. Hilo halikufungi njia hata moja, na linakuachia zote.

Kama utaamua kumwona, siku zile za mapema nilizozitaja zinafaa kuliko tarehe 24. Krismasi yenyewe ina masikio mengi. Hebu fikiria namna ya kuanza pia. Ukianza na "mama, nimeandika siri yako", utamshtua, na mtu aliyeshtuka hujibu kwa hasira au hujifanya hajali, na yote mawili yatakudanganya. Ungeweza kuanza na kazi yako: kwamba huuzi vitenge, unaandika, na kitabu kinatoka. Mpe nafasi aulize ni cha nini. Kisha umwambie kwamba usiku ule haukukutoka, na umeandika kitu kilichozaliwa pale, na hakitatoka bila neno lake. Kama ni msomaji, mpe sura aisome mwenyewe, peke yake, akuite akimaliza. Kama macho yamechoka, msomee. Usimsimulie kwa mukhtasari, kwa sababu mukhtasari utaisema siri bila kuisema heshima uliyoiandikia.

Anaweza kukataa. Anaweza kulia. Anaweza kukuambia uiache kama ilivyo ila umwondoe mtu fulani. Anaweza kukukasirikia kwa miezi, na wewe ndiye mke wa nyumba ile, mtakutana kila Desemba. Anaweza kumwambia baba mkwe mwenyewe, kwa wakati wake, jambo ambalo halikuhusu tena. Sina namna ya kukuhakikishia kwamba Krismasi hiyo itakuwa tamu. Na ukinyamaza pia, ujue unachokinunua: amani ya mwaka huu, pamoja na hofu kila kitabu kitakapopita mkononi mwa mtu wa Marangu.

Kuna na la nne ambalo hukuliuliza, kuahirisha. Februari ni mwezi mzuri kwa riwaya ya mapenzi, na mchapishaji amepanga bajeti yake. Lakini kitabu kinachotoka Aprili bado ni kitabu. Ukiona Desemba haitoshi kumwona mama mkwe kwa utulivu na kusahihisha prufu kwa utulivu, muulize mchapishaji kuahirisha kunagharimu kiasi gani. Huenda ni kidogo kuliko unavyodhani, huenda ni kikubwa mno. Ni heri kuijua bei kabla ya kusema haiwezekani.

Wasomaji wako wa WhatsApp waliolipia wanastahili jibu la wazi. Waandikie kabla hujapanda basi, uwaambie simulizi inasimama tarehe ngapi na inarudi tarehe ngapi, na kwamba siku walizolipia zitasogezwa mbele, hazitapotea. Kama unazo sehemu mbili tatu zilizokamilika, watumie siku ya mwisho kwa pamoja. Wapo watakaolalamika, na wapo watakaokutakia sikukuu njema kwa sababu nao wamo kwenye foleni ya Mbezi. Ila usiahidi kuandika ukiwa jikoni Marangu. Na ukirudi Januari niandikie nijue mlipofikia, hasa kwa mama.